Siku Yako Ina Nia Gani? Somo Kutoka Mashamba ya Ngoro



Ukikutana na kijana pale Mbinga mjini na kumsalimia, "Vipi, za siku nyingi?", jibu unalijua: "Niko bize, Frateri." Wa bodaboda yuko bize, wa kibanda cha miamala ya simu yuko bize, mwanafunzi yuko bize, na mwanakwaya yuko bize kuliko wote. Neno hili limekuwa kama cheo. Mtu akisema leo hana shughuli, watu wanamwangalia kama mgonjwa.

Sitaki kuanza kwa kuwasema vijana kwamba mnapoteza muda. Hilo mmeshaambiwa vya kutosha, na mara nyingi mmeambiwa na watu wasiojua kahawa inavyochumwa. Msimu ukifika, tunda lililoiva halisubiri. Ukilichuma leo linatakiwa likobolewe leo leo, la sivyo ubora unashuka na bei inashuka nao. Kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda shambani na kikapu kiunoni, jioni akashika mashine ya kukobolea, halafu usiku akakumbuka kwamba kuna mazoezi ya kwaya, huyo huwezi kumwita mvivu. Ninachotaka kumuuliza ni kitu kingine kabisa: siku yake ina nia gani?

Tunalo neno, tunalisahau

Sisi Wakatoliki neno "nia" tunaishi nalo. Tunakwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa: kumwombea marehemu babu, kushukuru kwa kufaulu mtihani, kumkabidhi Mungu safari. Katekista anaandika kwenye daftari, na siku ikifika tunaisikia ikitangazwa. Kisha tunarudi nyumbani, na tunaishi Jumatatu mpaka Jumamosi ambazo hakuna aliyeziandikisha nia yoyote.

Halafu kuna ile Sala ya Nia Njema tuliyoikariri tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Wengi tunaisema asubuhi kwa mwendokasi, jicho moja bado limefumba. Kesho isome polepole. Utaona kwamba mwanzoni tu, mara baada ya kumtolea Mungu roho, inataja kufanya kazi, na papo hapo, kwa pumzi ileile, inataja kupumzika. Haikumpa Mungu kazi ikakuachia wewe pumziko. Vyote viwili vimewekwa pamoja mbele zake, na vyote viwili vinaitwa kumheshimu. Mtoto wa miaka tisa anaijua sala hiyo kwa moyo. Sisi wakubwa tumebaki na nusu yake.

Kwenye Falsafa tulifundishwa kwamba tendo la mwanadamu hupata sura yake kutokana na lengo lake. Darasani linasikika kavu, lakini fikiria hivi. Watu wawili wamebeba gunia la kahawa usiku. Mmoja anamsaidia jirani kuwahi kabla mvua haijanyesha, mwingine anaiba. Uzito ni uleule, jasho ni lilelile, hata njia yaweza kuwa moja. Ukiwapiga picha huwezi kuwatofautisha. Ndivyo zilivyo siku zetu: ratiba ya mtakatifu na ratiba ya mtu aliyepotea zinaweza kufanana kwa saa na dakika.

Shimo lisilopandwa kitu

Panda nami kuelekea Litembo. Msomaji uliye Mwanza au Nairobi, vumilia kidogo, nitakueleza.

Milima ya Umatengo ni mikali kwelikweli. Karne ya 19 Wamatengo walijibana kwenye miinuko hii wakikimbia vita vya Wangoni, na ardhi ya kulima ikawa ndiyo hiyo, mteremko ambao ukiteleza kofia yako ndiyo inakukuta bondeni. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili hivi, na zikinyesha zinanyesha. Kwa mteremko ule na mvua ile, udongo wote ungekuwa umeshaishia Ziwa Nyasa. Haujaishia huko, na sababu kubwa ni ngoro.

Mwezi wa tatu hivi, mvua zikielekea ukingoni, nyasi zinafyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha zinapangwa chini kwa mistari, ya kushuka na ya kukatiza, mpaka mlima mzima unakuwa na miraba kama daftari la hesabu. Kila mraba ni kama mita moja na nusu upande, wengine wanazidisha. Kwa desturi hiyo ni kazi ya wanaume. Halafu wanawake wanaingia na majembe: wanachimba udongo katikati ya mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Kinachobaki ni matuta yaliyokutana pande nne, na katikati shimo. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Msimu wa mvua ukirudi, mahindi yanapandwa palepale. Mahindi yakishavunwa, shamba linaachwa lipumzike mpaka mwezi wa tatu mwingine.

Sasa liangalie lile shimo. Ndani yake hakuna kilichopandwa. Mgeni akipita anaona eneo limepotea bure: si bora wangejaza matuta tu, wapate debe mbili zaidi? Lakini mvua inaposhuka ndipo unapoelewa. Maji hayapati nafasi ya kukimbia. Yanaanguka shimoni, yanatulia, yanazama taratibu. Udongo uliobebwa kutoka juu unanaswa kwenye shimo la chini yake. Magugu yaliyopaliliwa yanatupwa humohumo, yanaoza, yanageuka mbolea. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuja kuyachunguza mashimo haya kwa vipimo vyao. Bibi zetu walikuwa wanayachimba zamani, bila kipimo chochote zaidi ya jicho na mgongo.

Mambo mawili kuhusu shimo hili yananishika kila nikipita. Kwanza, linachimbwa kabla. Hakuna anayekimbia na jembe wakati gharika imeshaanza kuteremka. Pili, ni kazi ngumu. Eneo tupu katikati ya ngoro limemgharimu mtu jasho kuliko tuta lenyewe. Anayedhani nafasi ya kutulia itajitokeza yenyewe shughuli zikipungua, hajawahi kuchimba ngoro.

Wengi wetu hatuna upungufu wa mvua. Neema inanyesha. Kuna Misa ya Jumapili, kuna homilia nzuri, kuna shauri la mama, kuna msiba uliokugusa hadi ukasema moyoni "lazima nibadilike". Kisha Jumatatu jioni mtu akikuuliza Injili ya jana ilihusu nini, unaanza kuangalia juu. Vyote vimeteremka bondeni kwa sababu wiki nzima ni tuta juu ya tuta, hakuna mahali pa maji kusimama. Mungu aliyewaagiza Waisraeli waipumzishe hata ardhi kila mwaka wa saba (soma Walawi 25) alijua kiumbe chake kinavyofanya kazi.

"Shimo langu nalichimba wapi?"

Niliwahi kulieleza somo hili kwenye semina ya vijana wa VIWAWA, katika parokia moja nilikotumwa kufanya utume. Tulipomaliza, binti mmoja akanifuata. Ana kibanda cha miamala ya simu. Ni katibu wa kwaya. Anaishi na bibi yake. Msimu wa kahawa anaamkia shambani kwanza ndipo anakwenda kufungua kibanda.

"Frateri, mashimo yako ni mazuri," akasema. "Ila mimi nikifunga Jumapili mchana, saa ambayo watu wametoka kanisani na wana hela, nimekula hasara. Bibi anameza dawa za presha kila siku na zinanunuliwa. Shimo langu nalichimba wapi?"

Swali kama hilo halijibiwi kwa kusema "mtangulize Mungu" halafu ukaondoka. Aristotle alishaonya kwamba kiasi kinachofaa hakipatikani kwa kugawa kati kwa kati. Akatoa mfano wa chakula: kama mina kumi, kipimo cha Wagiriki wa zamani, ni nyingi mno na mbili ni chache mno, haimaanishi mwalimu wa mazoezi ampe kila mtu sita. Kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, sita hazitoshi. Kwa anayeanza mazoezi leo, zinamzidi. Kwa hiyo mtu akikuambia maisha yenye mizani ni saa nane kazi, saa nane usingizi na saa nane mambo mengine, mshukuru, kisha muulize kama amewahi kuishi na bibi mwenye presha.

Tulikaa kwenye benchi tukaandika wiki yake nyuma ya ratiba ya kwaya. Jumapili mchana kweli haikuguswa, nami sikumlazimisha. Lakini karatasi ilionyesha kitu ambacho hakukitaja. Mbali na ukatibu wa kwaya, alikuwa mweka hazina wa jumuiya na mjumbe wa kamati ya sare. Kila usiku kuanzia saa nne alikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp akisuluhisha ugomvi wa rangi ya kitambaa.

"Hivi vyeo vyote nani alikupa?"

"Hakuna mwingine, Frateri."

Hapa niseme jambo, na wazee wa kanisa mnisamehe. Parokia zetu zina tabia ya kuwamaliza walewale wanaosema ndiyo. Kijana mmoja akionekana mwaminifu anapewa daftari, wiki ijayo anapewa funguo, mwezi ujao anapewa sherehe ya somo wa parokia. Tunamsifu kwa kujitoa mpaka siku anapotoweka, ndipo tunaulizana imekuwaje.

Aliamua kuachia uweka hazina na kamati ya sare. Haikuwa bure. Mama mmoja wa jumuiya alimwambia mbele za watu kwamba siku hizi imani yake imepoa, na maneno hayo yalimliza. Lakini asubuhi akifika kibandani sasa anaingia, anafunga mlango, na hafungui dirisha. Anakaa mle ndani robo saa na Injili ya siku. Wateja wanagonga, wanamsubiri. Ndilo shimo lake, dogo vile, na ameshaniambia kwamba siku akilikosa hata wateja wanaliona usoni.

Mwezi wa giza, mwezi wa mwanga

Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni kilomita sitini na kitu, lami tupu siku hizi. Unaondoka kwenye baridi ya mita elfu moja na mia tatu hivi, unafika ziwani ambako ni chini ya mita mia tano na joto lake. Kule nako wana shule yao ya kupanga muda.

Wavuvi wa usipa wanafanya kazi usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mchanga au haupo kabisa, wanakesha maji yote hayo, usiku baada ya usiku, na ukiwakuta asubuhi macho mekundu unaweza kusema hawa watu hawajui kupumzika. Subiri mwezi ukue. Mbalamwezi ikitawala, samaki hawaisogelei taa kama kawaida. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa na kushonwa, mtu anakaa na watoto wake. Ukiipima wiki moja ya mvuvi utaona fujo. Upime mwezi mzima ndipo uone mpangilio.

Wale wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, waliofika Peramiho mwaka 1898 na ambao Injili katika milima yetu ilipitia mikononi mwao, walikuja na hekima inayofanana na hiyo. Sote tunajua wanasali na kufanya kazi. Tusichokijua sana ni kwamba katika sura ya 48 ya Kanuni yake, Mtakatifu Benedikto hakuweka ratiba moja ya mwaka mzima. Kuna saa za kazi na masomo kuanzia Pasaka, kuna nyingine kuanzia Oktoba, kuna nyingine za Kwaresima. Anakubali kwamba wakati wa mavuno watawa wanaweza kulazimika kuvuna wenyewe, na anawaambia wasinung'unike. Anataka yote yafanyike kwa kiasi, akiwafikiria walio dhaifu. Ila katika sura ya 43 hana mchezo: ishara ya sala ikisikika, kilicho mkononi kinawekwa chini.

Kwa hiyo, wewe uliye kidato cha sita na mtihani uko mlangoni, au uliye katikati ya msimu wa kahawa, au mwenye mtoto mchanga asiyelala, usijihukumu kwa sababu rozari imebaki makumi mawili. Uko kwenye mwezi wa giza. Vua samaki. Ninachokuomba ni kuwa mkweli kuhusu kalenda. Kuna watu ambao kwao mwezi ni wa giza mwaka mzima, kila msimu ni "msimu huu tu", na nyavu zao zimechanika hazijashonwa tangu walipopata simu ya kwanza.

Uvivu uliovaa viatu vya mbio

Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino ananishtua kila nikimrudia. Anapozungumzia uvivu wa kiroho hasemi habari za kulala. Kwake ni huzuni: moyo unaona mema ya Mungu, unaona uzito, unageuka pembeni. Na akiulizwa dhambi hii inavunja amri gani, anajibu ni ile ya kuitakasa siku ya Bwana, kwa sababu amri hiyo inautaka moyo utulie katika Mungu.

Ukilichukua jibu hilo hadi mwisho, linakufikisha pasipotarajiwa: mtu anaweza kuwa mvivu huku anakimbia. Anajaza kila dakika kwa sababu anaogopa kitakachosemwa ndani yake akinyamaza. Pengine kuna msamaha hajautoa. Pengine kuna wito anaukwepa, wa ndoa au wa upadre. Ndiyo maana saa tano usiku, mwili umechoka kabisa, bado mkono unatafuta simu. Kuperuzi kule si kazi, na pumziko nalo silo. Ungekuwa pumziko ungeamka umepumzika.

Sasa fungua Marko 1, aya ya 32 hadi 38. Jioni mji mzima wa Kapernaumu umejaa mlangoni, Yesu anaponya wengi. Alfajiri, giza bado, anaondoka peke yake kwenda kusali. Simoni na wenzake wanamfuata mpaka wanampata, na habari yao ni moja: watu wote wanakutafuta. Kwa kipimo chetu hiyo ni siku ya mafanikio, wateja wamejaa. Yeye anawajibu kwamba waende vijiji vingine, kwa kuwa alikuja kwa ajili ya kazi hiyo. Soma tena taratibu, na uwafikirie wagonjwa waliobaki Kapernaumu asubuhi ile. Walikuwepo. Bwana wetu alikataa jambo jema, kwa watu wenye shida ya kweli, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye sala akijua nia ya siku yake. Halafu kwenye Marko 6:31, mitume wanaporudi kutoka utumeni wamezungukwa na watu hata kula hawapati nafasi, yeye ndiye anayewavuta pembeni wapumzike.

Kama unahisi hayo yaliwezekana Galilaya tu, mkumbuke Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Alijulikana kwa kutokosa Misa ya asubuhi akiwa na nchi nzima mabegani. Tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ikulu haikuwa na saa za ziada. Kuna shimo mahali fulani lilikuwa limechimbwa.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari ufanye kama katekista. Andika siku saba, na mbele ya kila siku andika nia: Jumatatu kwa ajili ya mama, Jumanne kwa ajili ya yule mliyegombana, Jumatano kwa ajili ya wanafunzi wako au wateja wako, na kuendelea. Isome unaposali Nia Njema, kisha toka uende kazini. Usiongeze sala nyingine kwa sasa.

Jumamosi usiku, kabla wiki haijaanza kunyesha, chagua shimo moja. Robo saa inatosha. Liandikie saa na mahali, maana shimo lisilo na mahali halipo. Kama kulipata itabidi uachie cheo kimoja, zungumza na mwenyekiti mapema na kwa heshima, umtajie na jina la kijana mwingine anayeweza kukishika. Ujiandae pia kusemwa.

Na simu ilale chumba kingine. Ukisema ndiyo saa yako ya kukuamsha, jogoo wa jirani bado yupo.

Kwa mliobahatika kukaa na bibi au babu mlimani: mwezi wa tatu ombeni mpelekwe shambani mkachimbe ngoro hata mstari mmoja. Akishika jembe, muulizeni kwa nini katikati hapandwi kitu, mumwache aeleze kwa maneno yake. Bebeni maji ya kunywa, mteremko ule si wa mchezo.